Seli Iliyoruka Pigo

Watu wa chuo walimwita Bi Mlango, na wala hakuwa bawabu. Kwa miaka ishirini na mmoja mama huyu alichunguza vimilango. Kila seli ya moyo, ndivyo alivyomweleza yeyote aliyejitia kuuliza, ina ngozi, na ngozi hiyo imejaa vimilango vidogo usivyoviona hata kwa darubini. Vikifunguka, chumvichumvi zenye umeme zinapita na moyo unapiga. Vikijifunga, moyo unapumzika. Vikisahau zamu yao, tunaitana msibani. Hapo aliyeuliza alianza kutafuta udhuru wa kuondoka, maana Bi Mlango akishika habari za vimilango hajui pa kuweka nukta.

Ukoo mzima wa mumewe ulimhesabu kuwa daktari wa moyo. Wifi zake walimletea mioyo ya kila namna: unaokwenda mbio, unaochoma, na mmoja ulioachwa na mchumba wiki mbili kabla ya harusi.

"Jamani, mimi namtibu nani?" alilalamika. "Nafanya kazi na seli za panya!"

"Sasa wifi, si ndiyo hapo?" alijibu yule aliyeachwa. "Huyo mwanamume naye panya tu. Mchunguze."

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, ubavuni mwa stoo ya mafagio. Ndani mlikuwa na meza ya chuma iliyokalia mipira minne ya ndani ya tairi, iliyojazwa upepo, ili mtetemo wa sakafu usiifikie seli. Meza yenyewe ilizungushiwa wavu wa banda la kuku kuzuia umeme wa taa na simu. Wavu huo ulifungwa na Fundi, mzee wa mitambo aliyefanya naye kazi tangu siku ya kwanza, na hakuna mashine ya dukani iliyoushinda. Mlangoni palibandikwa karatasi: VUA VIATU. USIPIGE CHAFYA. KAMA NI MUHIMU SANA, RUDI KESHO.

Kazi yenyewe ilitaka subira ya kumbembeleza mtoto mchanga. Unachukua kijibomba cha kioo, ncha yake nyembamba kuliko unywele. Unakisogeza mpaka kiguse seli. Kisha, kupitia mpira mwembamba ulioushika mdomoni, unavuta hewa kidogo tu, kama anayeonja uji wa moto, mpaka ngozi ya seli ing'ang'anie kioo. Ikishang'ang'ania, unaubana mpira kwa kibanio, na kwenye kioo cha kompyuta unaona umeme wa vimilango ukipanda na kushuka. Kibanio kilivunjika wiki chache nyuma. Fundi akataka kuagiza kingine, Bi Mlango akamwambia asijisumbue, ulimi upo. Basi ikawa akishavuta anaziba tundu la mpira kwa ulimi na kukaa hivyo saa nzima, amenuna, na mtu akimsemesha anajibu kwa nyusi.

Sasa shida ilianza kwa Mkuu wa Idara. Huyu bwana alikitaka kile chumba aweke mashine za kuchapishia. Alimwita Bi Mlango ofisini akamwambia, kwa upole wa mtu anayekunyang'anya kitu, kwamba kikao cha Alhamisi kingeamua. Kama ana jambo jipya, alilete. Kama hana, akabidhi funguo. Na meza ile haihamishiki, ukiibeba umeiua. Bila chumba hapakuwa na kazi tena, na alikuwa bado na miaka mitatu kabla ya kustaafu. Alirudi kwenye kiti chake akalia kidogo, kisha akakasirika, na hasira ikamsaidia zaidi.

Lakini jambo jipya alikuwa nalo! Kwa wiki tano seli zake zilikuwa zikifanya kioja. Seli moja, peke yake, imetengwa na moyo, vimilango vyake vilifunguka na kujifunga kwa mdundo. Du, du, du, du, kisha kimya, pigo moja limerukwa, halafu du, du tena. Hakuna aliyewahi kuandika habari ya seli inayoruka pigo namna ile. Bi Mlango alijaza madaftari mawili. Usiku aliota anapigiwa makofi.

Jumanne asubuhi alitaka picha moja ya mwisho ya kupeleka kikaoni, na safari hii alitaka kuyahesabu mapigo kwa sauti huku akiyaandika, jambo lisilowezekana na mpira mdomoni. Akamwita Fundi aje aushike mpira. Fundi alikuwa ametoka chini na betri begani, ngazi za ghorofa zote tatu. Akavua viatu, akauweka mpira mdomoni.

Kwenye kioo cha kompyuta mdundo ukatoka mbio kama mbuzi aliyekatikiwa kamba. Pigo hata moja halikurukwa.

"Ala! Umeifanya nini seli yangu?" Bi Mlango alifoka. Fundi akaonyesha kwa mikono kwamba hajafanya lolote. Dakika tano baadaye mdundo ukapoa wenyewe, ukawa wa taratibu, mzuri, hauna kasoro.

Bi Mlango aliweka kalamu chini. "Fundi," akasema, "shuka mpaka chini, upande tena. Mara mbili."

"Mama, magoti yangu…"

"Mara mbili!"

Akaenda, akarudi anahema, akatia mpira mdomoni. Mdundo ukatimka tena. Fundi akautoa mpira na kusema kwa mshangao, "Mama, hii seli inanijua!"

"Haikujui. Ni wewe." Akajiangusha kitini. Damu ilikuwa ikipiga ulimini, ulimi ukisukuma hewa ya ndani ya mpira, hewa ikiisukuma ngozi ya seli, na vimilango vikifunguka kwa kila msukumo. Wiki tano nzima, madaftari mawili, alikuwa akiupima moyo wa mwenye ulimi.

Fundi, masikini, alifikiria chumba tu. "Mama, tumekula ng'ombe mzima, tushindwe na mkia? Tunajua wawili. Kikao kipite kwanza, kosa tutaligundua mwezi ujao."

Na Bi Mlango, tusimpambe, aliliwaza hilo. Aliliwaza mpaka saa ya chakula. Kisha akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, Fundi, na mimi nina madaftari ya miaka ishirini na mmoja ya kuyapitisha humo." Jambo la pili alilifikia polepole, kama mtu anayekumbuka ameacha jiko linawaka. Moyo wa Fundi hauruki pigo. Basi unaoruka ni wa nani?

Mumewe alipoambiwa jioni hakupiga kelele. Alisema tu, "Mganga hajigangi," na asubuhi akampeleka kliniki mwenyewe, amemshika mkono utadhani atatoroka. Na kweli alitaka kutoroka. Aliogopa, akasema kwamba anaogopa. Daktari, mwanafunzi wake wa zamani, alimbandika nyaya kifuani, akatoa karatasi ndefu. Du, du, du, du, kimya.

"Lo! Hii ni safi sana," Bi Mlango akasema, ameinuka nusu kitandani. "Nipe nakala."

"Mwalimu, hizi ni siri za mgonjwa."

"Mgonjwa si mimi?"

Daktari akamweleza kwamba kwa sasa ni ugonjwa wa kutibiwa kwa dawa, na kwamba miezi sita baadaye ungekuwa ugonjwa wa kuanguka ngazini. Mumewe alitoka nje kidogo, akarudi macho mekundu, akasingizia vumbi.

Alhamisi alisimama mbele ya kikao na karatasi mbili, ya kliniki na ya seli, akaziweka sambamba. Akasimulia yote: kibanio, ulimi, Fundi na ngazi. Wajumbe walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

"Kwa hiyo, Profesa," akauliza Mkuu wa Idara, yeye hacheki, "jambo jipya ni lipi?"

"Kwamba nina moyo mbovu na mashine nzuri."

Kura zikapigwa. Nne kwa nne. Ya tisa ilikuwa ya Mkuu mwenyewe, na Bi Mlango alikwisha kuanza kuuchomoa ufunguo kwenye pete yake. Mkuu akatazama meza, akainua mkono: mama abaki na chumba chake. Watu wakatazamana.

Mkuu alimfuata koridoni wajumbe wengine walipokwisha kuondoka, akahakikisha hakuna mtu.

"Sikuipigia kura sayansi," akasema kwa sauti ya chini. "Mwezi wa tatu sasa, nikipanda ngazi, huu wangu unaruka. Hata mke wangu sijamwambia. Naogopa, Profesa. Leo umesimama ukasema la kwako mbele ya watu wanaokucheka, nikaona labda nikikuambia la kwangu hutanicheka."

Bi Mlango akamcheka, kidogo tu, hakuweza kujizuia. Kisha akampokea mafaili aliyokumbatia, akamkabidhi Fundi aliyekuwa akimngoja kwenye ngazi, akamshika Mkuu mkono. Wakashuka ngazi polepole, wakipumzika kila ghorofa, kuelekea kliniki.