Kivuli Yetu Ilianguka kwa Jirani

Siye batoto ba Beni ba zamani, tunajuana. Ata leo hapa Butembo mu baridi, tumejifunika majaket mpaka ku masikio, ukitaja tu neno badamier, ule muti wetu wa kivuli, utaona mama muzima na kilemba yake anacheka peke yake mu barabara. Ile enzi! Joto ilikuwa inatuamusha mbele ya jogoo. Tulikimbia bila viatu mu udongo mwekundu, tunasukuma chukudu, ile kinga ya mbao ya magurudumu mbili ya kubeba mizigo, mumoja anapanda, batatu banasukuma, bote tunapiga makelele «Pisha! Pisha!» sawa vile tunabeba mizigo ya kweli. Mvua ikinyesha, hakuna mutoto alikimbilia mu nyumba. Tulijipanga chini ya bati, pale maji inashukia, vinywa wazi. Mama alitukaripia ku mulango: «Kunyweni tu! Mutaota kutu mu tumbo!» Tukakunywa.

Mimi ni Masika, mutoto mwanamuke wa kwanza, donc papa yangu batu bote balimuita Papa Masika. Alizaliwa Masereka, kule juu ku milima, fasi ukungu inalala mu mashamba ya viazi na mboga ya poireaux, na batu banaota moto ata muchana. Alishuka Beni kufata biashara ya kahawa, akapata parcelle, kiwanja ya kujenga, parcelle yenyewe upara mutupu, hakuna ata jani. Basi mutu wa Masereka, ukimupa parcelle, kitu ya kwanza hapana nyumba. Ni karatusi. Anapanda karatusi ku mipaka ili batu bajue kama hapa kuko mwenyewe, kisha njo anaanza kuwaza fasi ya kulala. Umupeleke ku mwezi, atashuka na muche wa karatusi mu mukono.

Mais Papa alikuwa na sababu kubwa kupita mipaka. Mama yake, Mukaka wetu, alikuwa amebaki peke yake kule Masereka tangu babu alikufa. Papa alitaka ashuke akae na siye. Mukaka hakuogopa kitu ingine, ni jua ya Beni tu. Kila mutu mwenye alishuka kutoka kule alileta neno lake: «Muambie mutoto wangu nitakuya. Lakini nikikosa kivuli ya kukaa, nitarudi na gari ile ile.» Na siye batoto, Mungu wangu, tulimutaka Mukaka mpaka tumbo inauma! Alikuwa anajua hadisi za fisi za kukufanya ukojoe juu ya kucheka, na mu dunia muzima yeye peke yake njo aliweza kumuambia Mama «Acha mutoto» na Mama akaacha.

Siku moja kamyo ya Butembo ikasimama mbele ya nyumba. Kati ya mifuko ya viazi Papa akashusha miche ya miti ya kwao: karatusi na sipre, imefungwa mu majani ya migomba, mizizi ingali na udongo mweusi ya kwao. Tukashika ule udongo. Baridi! Tukajipakaa ku mashavu, tukapigana juu yake, sawa vile ni glace, barafu. Jirani yetu, Mama Safi, alichungulia juu ya clôture, ukuta ya matete kati yetu. Alikuwa mwanamuke munene wa kucheka sana, muzaliwa wa Beni mwenye hakuvaaka sweta ata siku moja mu maisha yake.

«Papa Masika, hii miti yako itatoka jasho!»

«Mama Safi,» Papa akajibu, kifua mbele, «muti ni muti.»

Yeye alikuwa na badamier mu parcelle yake. Benye hamujui badamier, pole yenu. Ni muti wa joto na mvua, matawi yake inajipanga moja juu ya ingine sawa rafu za etagère, majani mapana kama mukono ya mutu mukubwa, na chini yake kivuli nzito, unaweza kulaza batoto ba parcelle tatu na hakuna mwenye jua inamugusa. Matunda yake tulikuwa tunakula nyama ya inje, inatukaukisha ulimi, kisha tunapasua mbegu na jiwe tukule karanga yake ya ndani. Vidole tulivyopasua pamoja nayo, tusihesabu. Papa hakutaka kusikia habari ya badamier. Kwao haikukuwako.

Sipre ilianza kukauka toka chini. Ikakuwa kahawia ku magoti, kahawia ku kiuno, na Papa hakukubali. Kila jumamosi alichukua panga akaikata carré, pembe ine, sawa clôture ya masista, ile kahawia yake vile vile, anarudi nyuma, anafunga jicho moja, anasema: «Inapendeza.» Mama aligeukia ukuta ili asicheke mbele ya bwana yake. Karatusi yenyewe ilikubali. Wee, ilikubali! Ilienda juu, juu, juu, nyembamba, haiangalie ata nyuma, majani yote kule mbinguni. Siye tulipiga makofi. Papa akatuma neno Masereka: Mama akuye, kivuli iko.

Mukaka akafika. Ameshuka mu kamyo na masweta mawili, koti ya babu juu yake, kofia ya manyoya ku kichwa, na jasho inatiririka mpaka ku kidevu. Tulimuvamia tukamuangusha nusu. Papa akamubebea kiti mwenyewe, akamukalisha chini ya karatusi sawa askofu. Mukaka akaangalia juu. Akaangalia chini. Kivuli yenyewe ilikuwa ya mistari, sawa kichanuo: mustari ya jua, mustari ya kivuli, na mustari ya jua ilikuwa inapita katikati ya pua yake.

Alitoa sweta moja. Jua ikasogea, naye akasogeza kiti. Jua ikasogea tena, akasogeza tena. Siye tulimufata nyuma tunacheka, mumoja anabeba kikombe, mwingine rozari. Ku saa nane jua iligeuka, na vile karatusi ilikuwa mirefu, kivuli yake yote ikaruka clôture, ikaanguka kwa Mama Safi. Mukaka akasimama, akashika kiti, akatoka ku barabara, akaingia kwa Mama Safi bila kubisha. Alifata mistari yake ya karatusi mpaka ikaingia chini ya badamier. Pale akakaa. Akatoa sweta ya pili, akatoa kofia, akapumua ile pumzi ya mutu ametua muzigo.

«Wasingya,» akasema kwa Kinande, asante, sijui kama aliambia Mama Safi ao muti.

Kutoka siku ile, asubui Mukaka alikuwa wetu, na kisha chakula ya muchana alikuwa wa Mama Safi. Mama Safi hakujua Kinande vizuri, Mukaka Kiswahili yake ilikuwa ya kuhesabia viazi ku soko, lakini balikuwa banacheka mpaka banapigana mapaja. Mama yangu alipitisha sahani ya mboga ya lenga-lenga na samaki ya ziwa, ya Kyavinyonge, juu ya matete. Batoto bote ba quartier balihamia pale. Furaha ilikuwa kwetu bote, kasoro Papa. Bageni balikuwa banafika kumusalimia Mukaka, banakuta kiti na mwenyewe hapana, na Papa analazimika kusema na sauti ndogo: «Iko kwa jirani.» Kwetu, mama ya mutu kukaa kila siku mu parcelle ya wengine wakati mutoto wake iko na parcelle, ni haya ya kukufanya upite nyuma ya nyumba.

Habari ikapanda mpaka Butembo. Siku ya Mungu kisha misa, bandugu ya Papa benye kukaa kule bakashuka, bapapa bakubwa batatu na majaket yao, tayari bamelowa jasho. Bakaita kikao. Mukubwa wao akasema: «Tumesikia mama yetu anaomba kivuli kwa batu. Kesho tunapanda naye Masereka.» Papa aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mulango na bandugu yangu, tumeshikana mikono, na mudogo wetu alikuwa amekwisha kuanza kulia. Nilijua kabisa: kama anapanda gari yao, harudi tena.

Mukaka alibaacha bakaongea yote. Kisha akafunga rozari mu kitambaa.

«Masereka niko na miti yote,» akasema. «Karatusi, sipre, yote. Batu njo sina. Asubui ninaamuka, ninasalimia mbuzi. Nyinyi Butembo munakuya kuniangalia Noeli. Hapa jua inanichoma, ndiyo, mais tangu nimefika sijakula peke yangu ata siku moja. Siendi.»

Wee! Tulitoka nyuma ya mulango tunaruka, tunamupanda juu ya magoti, bapapa bakubwa banashangaa, Mama anafuta macho na liputa yake ya kitenge, na nyuma ya matete Mama Safi, mwenye alikuwa anasikiliza yote, akapiga kigelegele.

Kesho yake Papa akafanya kitu mutu wa kwetu hafanyake. Mupaka kwetu hauguswe, batu banashitakiana mpaka ku tribunal juu ya hatua moja. Yeye akachukua panga, akakata matete, akafungua mulango kati ya parcelle mbili, ili mama yake asizunguke ku barabara. Akaangusha sipre yote. Tuliipikia kunde, na nyumba ikanuka sawa kanisa. Karatusi alikata, akatoa mbao ya benchi. Kisha akaingia kwa Mama Safi, akakohoa, akaomba muche wa badamier. Mama Safi alimuonyesha aiweke mbali na nyumba, maana majani yake inaziba maji ya bati na matunda inapiga bati sawa mawe. Papa akaongeza avoka na safu, miti ya matunda. Mu myaka yenye ilifata ilikuwa yeye njo anasimamisha bageni ba Masereka mu barabara, kidole juu: «Usilete sipre hapa! Beni inataka muti wa majani mapana!» Tulimuita docteur wa miti.

Badamier yetu ilikubali haraka mpaka ikafika ku bati. Mukaka hakuhamia chini yake. Alisema ile ya Mama Safi iko na masolo mingi, mazungumuzo. Alikaa na siye mpaka Mungu akamuita, na siku ya maziko, parcelle zote mbili zilijaa, hukuweza kujua gani ni ya wenye kufiwa.

Leo tuko Butembo, tulipanda wakati Beni ilianza kulala na viatu ku miguu, tayari kukimbia vita. Mutoto wangu Kambale ni commerçant, anaendaka Dubai kuchukua bidhaa. Alirudi na picha ya mitende mu telephone: «Mama, hii njo tutapanda mbele ya nyumba.» Mitende! Butembo! Na hii baridi! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Damu ya Papa haikupotea. Lakini hii batoto ya sasa, muti yenyewe banaitaka juu ya photo, hakuna mwenye anauliza nani atakaa chini yake. Clôture yao ni ya tofali, juu kupita mutu, na vipande vya chupa juu. Nyumba yenye tunakaa ni nzuri, sikatae. Kuko kimya. Siye tulikomaa na makelele ya parcelle mbili mu masikio, na ninaikosa ile makelele mpaka wakati mwingine ninafungulia radio batu baongee tu.

Juzi nilikuwa ninaanika nguo, nikasikia nyuma ya ukuta mama ya jirani anacheka, kicheko kizuri, ya kutoka ku tumbo. Moyo ikaruka. Nikasogea ku tofali, nikafungua kinywa nimuite, tuongee kidogo. Tumekuwa majirani tangu siku tulifika Butembo. Nikabaki pale, kinywa wazi. Sikujua anaitwa nani.