Titi la Ulezi

Fundi cherehani wetu wa Majengo hakuulizi umepatwa na nini. Anakutazama bega, maana aliyekatwa titi hulikunja bega kuficha pengo, kisha anakukaribisha nyuma ya pazia, pini zikiwa bado mdomoni. Hushona matiti ya kitambaa, ndani sufi, katikati shanga za kuleta uzito. Siku yangu nilishindwa hata kufungua kifungo. Akachomoa la kwake kifuani, akaniwekea kiganjani, lingali na joto lake.

“La kwanza nililijaza ulezi, dada. Nikalifua, ulezi ukaota humo humo. Shemeji yako akaniuliza pombe ya mbege itaiva lini.”

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Nilipojifuta machozi, nikajikuta nimeshafungua vifungo vyote.