Kosa Langu Ni Kujifukiza Udi Mume Akiwa Safarini

Mwenye ukurasa, jina langu nisitirie, mengine yote yaache kama nilivyoandika. Nina miaka thelathini na minne, mke wa mtu, mama wa binti mmoja wa miaka saba. Naandika kwa mkono wa kushoto maana wa kulia umefungwa plasta. Mficha uchi hazai, nami leo sifichi.

Naishi Mji wa Kale, kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu. Kila alfajiri nakaanga mahamri na viazi vya karai pale barazani. Wenzangu wa vya kukaanga watanielewa, harufu ya mafuta haitoki. Iko kwenye nywele, kwenye leso, mpaka kwenye mto wa kulalia. Mume wangu ni dereva wa lori, hubeba mizigo bandarini akaipeleka bara, akakaa huko wiki mbili, tatu.

Sasa sikilizeni anasa yangu, maana ndiyo iliyoniponza. Kila Ijumaa alasiri nafunga biashara, nafunga na mlango. Mawaridi nanunua yale yaliyonyauka, ambayo muuza maua angeyatupa. Nayatwanga na karafuu na liwa kidogo, napata singo ya kujisugua mwili mzima. Udi wa vipande ni wa wenye majumba ya Kizingo, mimi naomba dukani vumbi linalobaki chini ya kopo. Natia makaa kwenye chetezo, najitanda leso, najifukiza mpaka nasahau kama kuna karai duniani. Kisha nakunywa chai ya tangawizi nimenyoosha miguu, simjibu mtu. Saa moja tu, jamani! Roho inarudi mahali pake.

Mtauliza mbona nisijifukize mume akiwepo. Nilijaribu! Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimtilia udi chumba kizima, akaingia akakipiga chetezo teke. "Ondoa takataka zako, zaniumiza kichwa." Toka siku hiyo akiwa nyumbani sifukizi, akisafiri nafukiza. Hapo ndipo nilipojikaanga mwenyewe, kwa sababu kwetu sisi mke hujifukizia mumewe, na moshi haufichiki. Mavyaa wangu, mamake mume, anakaa chumba cha chini. Alikuwa anapima kwa pua: mwanawe akiondoka nyumba yanukia, akirudi hainukii. Akampigia simu huko huko bara, "Mkeo ana mtu."

Ijumaa hiyo mimi nilimtarajia Jumapili. Nimetoka kuoga, nywele zimelowa, chetezo chafuka moshi miguuni. Mlango ukapigwa teke, komeo likaruka. Hata salamu hakuna.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

Kofi lake lilinitupa kitandani. Akanivuta kwa nywele, akanigonga kichwa ukutani mara mbili, tatu, meno yangu yakauma ulimi na damu ikajaa kinywani. Akainama kuchungulia mvunguni huku kanishika nywele, ati amtafute huyo mwanamume. "Wamfukizia nani?" Nikamwambia, "Najifukizia mwenyewe!" Wallahi jibu hilo ndilo lililomtia wazimu. "Mwenyewe? Mwanamke ajifukizia mwenyewe?" Akavua mkanda akanichapa mgongo mpaka nikaanguka sakafuni, kisha akanikanyaga mkono kwa kile kiatu chake cha kazi. Niliusikia mfupa ukikatika. Mavyaa kasimama mlangoni anasema, "Muulize vizuri, atasema." Lahaula! Na nyuma yake binti yangu, kashika leso ya bibi yake, anatazama.

Mimi nami si malaika. Nilikitwaa chetezo kwa mkono ulio mzima nikampiga nacho usoni, makaa na yote. Alilia kama ng'ombe anayechinjwa. Kikavunjika, nikampiga tena kwa kigae kilichobaki mkononi. Niliiona ngozi ya shingo yake ikivimba malengelenge na, Mungu anisamehe, sikumwonea huruma. Mpaka leo simwonei. Nikashuka ngazi miguu mitupu, damu kifuani, nikadandia tuktuk hadi kwa dadangu Ganjoni. Mtoto sikuwahi kumchukua.

Kakangu mkubwa, ndiye aliyeshika mahali pa marehemu baba, alikwenda kusuluhisha. Akarudi na masharti. Nikae mbele ya wazee wa pande zote mbili, nikiri kwamba nilikuwa na mwanamume, niombe radhi. Nikifanya hivyo mume atanirudisha na hatanishtaki kwa kumchoma. Nikikataa ni talaka, na mtoto simwoni. Dada anasema tuwahi polisi sisi, karatasi za hospitali tunazo. Kaka hataki kusikia.

"Sema tu ndiyo, yaishe," akanambia. "Mwanamke ni nyumba."

"Nikiri zinaa ambayo sikuifanya?"

"Ni neno tu."

Neno tu! Lingekuwa neno tu, mbona mkono wangu umevunjika? Nilimfukuza kaka, dadangu akishuhudia, na sikuwa nimewahi kumfukuza maishani.

Jana nikapewa simu nizungumze na binti yangu. Alisema kwa sauti ya chini, kama aliyesimamiwa. "Mama, we sema ni kweli, urudi. Baba kasema ukisema kweli hatakupiga sana."

Nililia mpaka dada akaninyang'anya simu. Miaka saba, mwanangu ameshajua kuna kupigwa na kuna kupigwa sana, na alikuwa ananipa habari njema.

Kikao ni keshokutwa. Niende kwa wazee nikajipake uchafu nimpate mwanangu, au niende polisi, pengine nimkose? Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Na mwenye kuniambia nivumilie, aanze kwa kunambia hiyo "sana" ni kiasi gani.