Kizungu cha Hukumu, Uani kwa Mama

Kuna watu wawili ambao kila Ijumaa nawataja kwenye dua zangu nikishamaliza wazazi wangu, na mmoja wao ni Mlutheri. Shangazi yangu aliwahi kuniuliza kama dua ya namna hiyo inafika. Nikamwambia itafika tu, maana naiomba kwa nguvu.

Huyo Mlutheri alikuwa jirani yetu wa mtaa wa Nguvumali, Tanga, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Baba yake aliteremka kutoka Usambaani kuja kukata mkonge, asirudi tena. Mtu mpole, wa kuvaa koti hata jua likichoma utosi. Mimi si mpole. Mtu akinikanyaga namwambia hapo hapo, na tabia hiyo nimeirithi kwa mama yangu, Mpemba aliyeletwa Tanga na ndoa.

Baba alipofariki, binamu yangu, mtoto wa kaka yake baba, alifungua shauri kwenye baraza la ardhi. Alidai nyumba yetu ni ya ukoo, kwamba baba aliwekwa tu kuitunza, kwa hiyo mama aondoke. Aende wapi? Kwao Pemba waliobaki ni makaburi. Na huyo binamu kila Idi alikuwa anakula kwenye sahani za mama yangu, tena anaongeza.

Ushahidi tuliutoa kwa Kiswahili, hilo nisiwasingizie. Lakini miaka ile, kabla Kiswahili hakijafanywa lugha ya mahakama, wakili wa binamu akisimama kubishana mambo ya sheria aligeukia Kiingereza, mwenyekiti wa baraza naye akaandika kwa Kiingereza, na hukumu ingesomwa hivyo hivyo. Siku moja wakili alisema kitu, watu wakacheka. Mama akaniuliza wamecheka nini. Kiingereza changu mimi kiliishia kwenye salamu, nikamwambia sijui. Tukapanda bajaji kurudi nyumbani. Tuliposhuka alikwenda moja kwa moja kugonga kwa mwalimu.

"Mwalimu, mimi nitahukumiwa," akamwambia. "Kuhukumiwa sikatai. Sitaki kuhukumiwa huku natazama midomo ya watu."

Kesho yake mwalimu akaja na daftari na kalamu. Mama akavisogeza pembeni. Yeye hakusoma kwa daftari, alisoma chuoni, chuo cha Kurani, kwa maalim: maalim anatamka, watoto wanaitikia huku wanayumba mbele na nyuma, mpaka neno linaganda kichwani. Basi mwalimu wetu, na Ulutheri wake, akakalishwa kwenye mkeka uani akageuzwa maalim. Yeye alitamka, mama akajibu huku anakuna nazi.

"Aplikanti."

"Mleta maombi."

"Rispondenti."

"Mjibu maombi. Ndiye mimi."

"Mama, hiyo ya 'ndiye mimi' haimo."

"Kwangu imo."

Majirani waliozoea kuja kwetu kusuka ukili wa mikeka wakaanza kuitikia nao, kwanza kwa mzaha, baadaye kwa moyo. Evidensi, ushahidi. Ajani, imeahirishwa. Na lile la mwisho, dismisi, yametupwa. Hilo ndilo tulilokuwa tunaliombea, kwa sababu maombi ya binamu yakitupwa, mama anabaki kwake. Likifika hilo ua mzima uliitikia, hata kuku wakatawanyika. Mwalimu alikuja jioni baada ya jioni, akaondoka na bakuli la wali, na bakuli akalirudisha limeoshwa. Mtu kama yule sijui unamlipa nini, mimi nimeona nimwombee tu.

Siku ya hukumu tulikwenda wote, mwalimu na koti lake, majirani na kanga zao, tukajaza mabenchi ya nyuma. Binamu alikaa mbele na wakili wake, hakututazama. Mwenyekiti, kijana wa miwani ambaye mama angeweza kumzaa, akaingia, tukasimama, tukakaa, akaanza kusoma. Kizungu kikamwagika. Mama akafumba macho na kuanza kuyumba taratibu. Nilipoona kule kuyumba nikajua tumekwisha.

Mwenyekiti alipofika kwenye aplikanti, mama akaitikia, "Mleta maombi."

Hakupaza sauti, ila chumba kilikuwa kimya. Likaja rispondenti. "Mjibu maombi. Ndiye mimi." Karani akamwambia anyamaze. Wakili akainuka, anatabasamu, akaanza habari za kuidharau mahakama. Mimi nilikwisha kumwona mama yangu anafungiwa ndani.

Mwenyekiti akashusha karatasi. "Mama, unasema nini?"

"Najibu, mheshimiwa. Maalim akitamka, mwanafunzi hujibu. Ni mazoea, nisamehe."

"Umesoma wapi?"

"Chuoni, Pemba. Haya ya Kizungu nimesomea uani kwangu, kwa yule pale." Akamwonyesha mwalimu, ambaye wakati ule angefurahi kuingia chini ya benchi.

Mwenyekiti akamwashiria wakili akae. "Na mimi nimepita chuoni," akasema. Akaendelea kusoma, lakini sasa polepole, na kila alipofika kwenye neno zito alitua. Mama analolijua alijibu. Asilolijua, mwenyekiti mwenyewe alimpa kwa Kiswahili, akangoja alirudie, ndipo akaendelea. Huyo ndiye mtu wangu wa pili wa Ijumaa. Angeweza kututoa nje, na hakuna ambaye angemlaumu.

Akafika mwisho. Akasoma, akatamka lile neno tulilofukuzia kuku, akatua.

Mama akafumbua macho. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Yeye aliyeitikia yote, hilo likamkwama, na machozi yakaanza kumshuka. Mabenchi ya nyuma hayakungoja. "Yametupwa," wakaitikia majirani wote kwa pamoja, na mwalimu nikamsikia miongoni mwao.

Mama aligeuka akawatazama mmoja mmoja, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Rudia, mheshimiwa," akasema. "Hilo nataka nilijibu mwenyewe."

Mwenyekiti akainua tena karatasi yake, akarudia.