Vidole vya Miao Hengzhi

Miaka kumi na tisa Miao Hengzhi alipanda vilima vya Shandong kunakili maandishi ya mawe ya kale. Huku alichukua mviringo wa mwandiko wa mihuri, huku mikia mipana ya herufi za makarani wa enzi za Han, akavichanganya hadi ukawa mwandiko wake peke yake. Wenye maduka wa mji wa Zouxian walimgombania awaandikie vibao.

Masika yale Kapteni Xiong, ambaye askari wake walikuwa wameuteka mji, aliagiza kibao cha lango lake: maneno manne ya kumtakia umri mrefu. Miao akaandika kwa mwandiko wake, akakipeleka mwenyewe, mkewe Dou akishika upande wa pili.

Karani Geng, aliyenyang'anywa wateja na Miao, alikitazama akacheka puani.

"Afande, herufi hizi huchongwa kwenye vifuniko vya makaburi."

Ni kweli huchongwa huko. Miao alilijua hilo tangu utoto. Raha ya kazi ndiyo iliyomsahaulisha.

Kapteni alimpiga teke la kifua, akamburuta mpaka mezani.

"Unanizika nami nakula, mzee?"

"Nimekuombea maisha, afande."

"Basi andika upya. Mwandiko wa kawaida, kama wa watoto wa shule."

Miao alitema damu. "Huo hata Geng anauweza."

Askari mmoja alicheka. Kapteni hakucheka. Alinyanyua jiwe la kusagia wino, akaliteremsha kwenye kidole kidogo cha mkono wa kulia. Mfupa ulilia kama kuni kavu.

"Utaandika?"

Miao alitikisa kichwa. Jiwe likashuka tena. Kidole cha tatu kilipopasuka, wino na damu vilitiririka pamoja hadi sakafuni.

"Baba Lan, waandikie," Dou alisema. "Mkono wa kazi ni mmoja tu huo."

"Nyamaza, mama."

Askari akampiga Dou kitako cha bunduki shavuni. Akaanguka, meno mawili yakabaki kwenye matofali. Bunduki ikainuliwa tena.

"Leteni brashi," Miao alisema.

Aliandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko wa shule, umenyooka. Kibao kikatundikwa alasiri ileile.

Vidole vilipona vimepinda kama kucha za kuku. Mwenye duka la chai alipokuja kuomba ule mwandiko wa zamani, Miao alimwonyesha mkono, akamuuliza kama huu wa shule utamfaa.

"Utanifaa, mwalimu," alisema yule, akitazama pembeni.