Visheti vya Girona

Sisi Waswahili tuliokulia mtaa wa Karama, huku Uarabuni, kabla ya treni ya metro, tunajuana. Tunajua harufu ya sambusa ikipanda ngazini saa ya kutoka shule, tunajua kucheza rede kwenye maegesho huku lami inachoma nyayo, na sauti za mama zetu madirishani: "Yalla, ndani! Jua litakubabueni hilo!"

Lakini mimi shuleni nilikuwa na haya. Kila baada ya likizo ndefu mwalimu alituuliza tulikokwenda, na wenzangu walitaja Paris na London. Sisi kila mwaka tulikwenda Unguja kwa bibi, mzaa mama, kwenye nyumba yake kuukuu ya Mji Mkongwe inayomeguka chokaa. Nikiwa darasa la tano nikasimama nikasema tulikwenda Girona.

Mji huo niliupata kwenye kitabu cha picha alichokisahau mteja katika duka la baba la vipuri vya magari, Ras Al Khor. Siku hizi mtoto akidanganya hivyo, wenzake wanamdai picha za simu, na uongo haufiki saa ya chakula. Wangu ulinawiri. Nilisimulia mji wa Wakatalani, nyumba nyekundu na za manjano zilizopangana juu ya mto, ngazi za kanisa kuu zisizokwisha, vichochoro vya mawe walimoishi Wayahudi karne nyingi mpaka wakafukuzwa. Nikaeleza jinsi maadui walivyouzingira mara kwa mara na wenyeji wakakaidi, na hadithi yao kwamba nzi walitoka kaburini mwa mtakatifu wao wakawatimua askari wa Kifaransa. Darasa likacheka, mwalimu akanisifu. Sikumwambia kwamba vichochoro vile nilivieleza vizuri kwa sababu nilikuwa nawaza vya kwa bibi.

Nilichosahau ni ada yetu: ukirudi safari, mwalimu wa mtoto hakosi zawadi. Kesho yake mama akatokea mlangoni mwa darasa na buibui lake, mkononi kopo la visheti. Bibi alivikaanga kutwa nzima na mgongo wake ule unaomuuma.

Mwalimu akafungua kopo, akafurahi. "Madam, hivi ndivyo vitamu vya Girona? Binti yako ametusimulia yote!"

Mama akanitazama. "Ndiyo, mwalimu," nikawahi mimi. "Vya Girona."

Mama akatabasamu kwa adabu. "Ndiyo, madam. Vya huko huko."

Njiani hakunigombeza. Alisema tu, "Bibi yako kaniuliza kama mwalimu atavipenda. Sasa n'mwambie nini?" Bibi akafariki kabla ya likizo iliyofuata, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Girona kweli. Ni mzuri kuliko kitabu. Pale kuna simba jike wa mawe juu ya nguzo, na wageni hupanda vidato kumbusu makalioni ili wajaaliwe kurudi. Mwenyeji wangu alinihimiza nipande, huku akicheka. Watu wale hawaoni haya kumbusu simba makalio mchana kweupe, nami nilimwonea haya bibi yangu mbele ya watoto thelathini. Sikupanda. Ningeomba kurudi, si pale.

Enzi zetu tulijua kukanda unga wa visheti na tulivificha. Watoto wetu hawajui hata chapati, ila wanajigamba na visheti mtandaoni kutwa. Nawacheka, kisha nawaonea wivu. Wiki iliyopita binti yangu alipeleka visheti shuleni, mwalimu akamuuliza mbele yangu vimetoka wapi.

"Kavikaanga bibi yetu, Unguja," akajibu, kifua mbele.

Nilikuwa nimevinunua dukani Karama jana yake. Mtoto kadanganya kwa maneno yale yale yaliyonishinda mimi kuyasema yalipokuwa kweli.