Jumapili Ambayo Baba Hakutulia

Mpaka leo nikisikia panga likinolewa kwenye jiwe, siwezi kukaa. Jirani yangu hapa Kericho mjini hufyeka nyasi kila baada ya mvua, na sauti ile ya chuma ikinifikia jikoni, naacha sufuria ninazoosha na kuanza kuzunguka nyumba nzima kama mtu aliyepoteza funguo. Watoto wangu hunicheka. Nanyi chekeni, lakini kwanza nisikilizeni.

Nilizaliwa upande wa Kabianga, kwenye shamba dogo la chai ambalo babu aliwaachia wanawe wawili, baba yangu na mdogo wake Kiplangat. Mpaka kati yao ulikuwa mstari wa michai ambayo baba aliipanda mwenyewe akiwa kijana.

Kabla ya kuokoka, baba alikuwa mtu wa ngumi. Sokoni watu walimpisha njia. Mimi nilipopata akili tayari alikuwa ameokoka, kwa hiyo sifa zile nilizisikia tu kwa binamu zangu, hasa kisa cha mtu aliyerushwa juu ya meza ya nyanya, nami nikasikitika moyoni kwamba nilichelewa kuzaliwa.

Jumapili hiyo mhubiri alifundisha juu ya mwili na Roho, kwamba anayeongozwa na Roho hafuati tamaa za mwili. Nilidhani nazijua tamaa hizo. Ni pombe, dansi, na kudokoa mandazi ya watu. Hasira haikunijia akilini hata kidogo.

Tulirudi kwa miguu, mama mbele akiwa amebeba viatu vyake mkononi kwa sababu ya matope. Tulipofika pembeni mwa shamba, akasimama ghafla. Mstari wote wa mpaka ulikuwa umeng'olewa. Michai ilikuwa imelala chali, mizizi juu, ikinuka udongo mbichi. Ndani kabisa ya shamba letu kulikuwa na vigingi vipya. Baba mdogo Kiplangat alikuwa amefanya kazi yake sisi tukiimba kanisani.

Baba alivua koti la Jumapili, akampa mama, akaingia stoo na kutoka na panga. Akaketi kando ya tangi la maji, akaanza kunoa. Lilikuwa kali tayari, maana alikuwa amelitumia jana yake kupogoa chai. Alinoa tu, upande huu, upande ule, bila kulitazama.

"Baba Chepkoech," mama akamwita polepole, "unaenda wapi na hiyo panga?"

"Sijui," baba akajibu. "Bado sijui."

Mimi nilijua ninapotaka aende. Moyo ulinidunda kwa furaha. Nilikuwa nimeshavua viatu ili niweze kumfuata mbio, nisikose tena.

Aliinuka, akaenda hadi langoni, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Mwishowe akamnyooshea mama panga lile, mpini mbele. "Chukua. Ficha. Na usiniambie umeweka wapi." Kisha akageukia ukuta na kufumba macho, mtu mzima yule, kama mtoto anayecheza kujificha, mpaka mama aliporudi mikono mitupu.

Baada ya hapo akaingia kwenye chai. Mnajua nafasi kati ya michai ilivyo nyembamba. Mtu hawezi kupita kwa haraka. Baba alipita kwa haraka. Alifika mwisho wa shamba, akageuka, akapanda mteremko tena, suruali ya kanisani ikikwaruzwa na matawi. Nilimfuata kwa nyuma nikiinama, nikamsikia.

"Bwana, nataka kumpiga. Nataka sana. Si unaona vile nataka? Nitolee hii kitu, ama unishike mikono."

Haikufanana na maombi niliyozoea. Alisimama, akachuma chipukizi, akalitafuna, akalitema, akaendelea. Mama alimwita kula, hakuja. Mvua ya mchana ikatupiga, nikakimbilia chini ya paa, lakini yeye hakutoka.

Nilimwonea aibu. Nilivyoelewa mimi, mtu aliyeokoka hatamani tena. Roho huzitoa tamaa kama mama anavyotoa mawe kwenye maharagwe. Basi ama Roho alikuwa amemkataa baba, ama baba alikuwa amegeuka mwoga. Sikujua lipi ni baya zaidi.

Mvua ilipokatika alitoka akichuruzika maji. "Chepkoech, kuja twende kwa baba mdogo wako."

"Na mtoto?" mama akashtuka.

"Nikimshika yeye, sitapata mkono wa kupiga."

Alinishika kweli, vidole vikaniuma njia nzima. Baba mdogo alikuwa mlangoni pake na rungu.

"Nilijua utakuja," akasema.

"Nimekuja. Nimekasirika, Kiplangat. Nimekasirika sana. Kesho nitaita wazee waangalie mpaka. Leo nimekuja uone sitakupiga."

Baba mdogo akacheka. "Wokovu imekumaliza. Siku hizi wewe ni mama tu."

Vidole vya baba vikanikaza zaidi. "Labda," akasema. Halafu, "Tupatie basi chai. Tumenyeshewa."

Mama mdogo, mkewe Kiplangat, alitokea na vikombe kabla mumewe hajapata neno la kukataa. Tukaketi kwenye benchi. Baba alimwaga karibu nusu ya chai yake magotini. Rungu lilibaki mapajani mwa Baba mdogo. Hakuna aliyelia wala kukumbatiana. Tulirudisha vikombe, tukaenda zetu.

Wazee walikuja, wakarudisha mpaka mahali pake. Michai iliyong'olewa ilikufa, na mipya ilichukua miaka kabla ya kuchumwa. Baba mdogo hakuomba msamaha.

Kwa muda mrefu nilisimulia kisa hiki, hata kwa watoto wa Shule ya Jumapili, kama siku ambayo Roho alimwondolea baba hasira. Kisha mwaka jana mwenzangu kazini alinikosea vibaya, nikakosa usingizi, nikaomba, na hasira haikuondoka. Nilipokwenda nyumbani nilimkuta baba akipukuchua mahindi, nikamuuliza, "Baba, siku ile hasira ilikutoka ukiwa wapi? Kwenye chai, ama kwa Baba mdogo?"

Akanitazama kwa mshangao. "Ilitoka?"

"Si ulirudi bila kumpiga?"

"Jumatatu niliamka nayo. Jumanne pia. Nikimwona akipita, mikono inaniwasha." Akatupa gunzi kwenye kikapu. "Nikaomba tena."

Nilikuwa nimeamini kwamba mchana ule Roho alimpa baba moyo mwingine. Kumbe alimpa mchana ule tu, na kesho yake baba akalazimika kuomba apewe siku nyingine.